SOMO: Goti Linapouma Kabla ya Uzee



Siku moja darasani niliinama kuokota chaki, nikashindwa kuinuka. Goti la kuume lilikuwa likiniuma tangu masika, nami nilikuwa nikificha. Nilikuwa na miaka 38. Hospitalini mganga alilikunja na kulinyosha, akasikia linakwaruza, akapiga picha ya mifupa. Kisha akasema: «Mwalimu, kiungo chako kinalika.» Nikajibu: «Je, huo si ugonjwa wa wazee?» Akasema: «Huwapata wazee zaidi, lakini si wao peke yao. Hujaumia goti zamani?» Ndipo nikakumbuka nilivyoanguka na baiskeli miaka 12 kabla ya siku ile.

Basi, sikilizeni maana yake. Mifupa inapokutana gotini, ncha zake zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza, kama kile mkionacho mwishoni mwa mfupa wa mbuzi. Gegedu likilika, goti huuma, huvimba, tena huwa gumu asubuhi. Wengi huuita ugonjwa huu baridi yabisi, lakini si baridi iliyouleta. Huletwa na umri, jeraha la zamani, unene, na kazi ya miaka mingi ya kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito.

Wengine waliniambia: «Umerogwa na jirani mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba.» Nakiri, usiku mmoja nilikaribia kuamini. Ningaliamini, ningalimchukia mtu asiye na kosa, na goti lingaliuma vile vile.

Hakuna dawa ya kurudisha gegedu lililolika. Lakini maumivu yaweza kupungua. Shikeni haya:

1. Usilale tu, mguu usiotumika hudhoofika. Kaa kitini, nyosha mguu, hesabu mpaka 5, ushushe. Fanya mara 10 kila mguu, kila siku.
2. Aliye mnene apunguze uzito. Kilo 1 ikipungua mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua.
3. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima.
4. Dawa za maumivu zitumiwe kwa agizo la mganga, kwani nyingine huumiza tumbo. Usichanje goti kwa wembe.
5. Goti likiwa jekundu na la moto, pamoja na homa, nenda hospitali siku ile ile.

Lililonishinda zaidi lilikuwa aibu. Mimi niwafundishaye wengine kupiga magoti, nitakaaje kitini kanisani? Kwa majuma mengi nilipiga magoti kwa kiburi, nikarudi nyumbani nikichechemea. Jumapili moja mtoto wa darasa langu aliniletea kiti kabla sijaomba. Nikakaa. Hakuna aliyecheka.

ULIZO: Je, mgonjwa wa magoti hulazimishwa kupiga magoti katika Misa?
JIBU: Hapana. Anayezuiwa na ugonjwa aweza kusimama au kukaa, naye huabudu kama wenzake.

ULIZO: Je, goti likiuma, tumtafute aliyeroga?
JIBU: Hapana. Tumtafute mganga wa hospitali, tena tukae na jirani kwa amani.

ULIZO: Ukimwona mwenzako anachechemea, utafanya nini?
JIBU: Nitampokea mzigo wake, wala sitangoja aniombe.