Kenge wa Komodo Alinisahihisha

Nikiwa TP niliwafundisha Kidato cha Pili kwamba kenge wa Komodo huua kwa bakteria wa mdomoni tu. Likizo hii nimefika Rinca, Indonesia, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1980. Askari wa hifadhi, mkononi fimbo yenye panda, alituamuru tusiachane. Kenge wa karibu mita tatu akapita hatua chache mbele yangu. Aisee, miguu ikaniisha nguvu! Hapo ndipo nilipoelezwa: mwaka 2009 watafiti walionyesha ana tezi za sumu, nayo huzuia damu kuganda. Kumbe nilifundisha nilichokariri! Wanafunzi wale nitawaandikia barua. Nawe mwalimu mtarajiwa, hakiki nukuu zako kabla hujashika chaki.