Dondoo muhimu: Kompyuta ya kuhariri picha kwa bei nafuu

Mpiga picha anayeanza halazimiki kununua mashine mpya. Kompyuta mpakato ya mtumba iliyotoka maofisini inatosha, mradi ujue cha kukagua.

• RAM: GB 8 ni ya kuanzia, GB 16 ndiyo ya kufanyia kazi. Chagua inayoongezeka. Lenovo ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM. RAM ya MacBook Air haiongezeki baada ya kununuliwa.

• Diski: Iwe SSD. Picha za RAW hujaza nafasi upesi, hivyo zilizokamilika zihamishie kwenye diski ya nje.

• Kioo: Kiwe cha IPS, pikseli 1920 × 1080. Fungua picha ya mtu unayemfahamu, kisha itazame kutoka pembeni. Ngozi ikibadilika rangi, achana nacho.

• Prosesa: Intel Core i5 ya kizazi cha 8 inafaa.

• Programu: darktable na GIMP ni za bure.

Bajeti ikibana, acha urembo wa umbo, usiache RAM wala kioo. Nenda dukani na flashi yenye picha zako, uzifungue kabla ya kulipa.