Uwanja mkubwa huanzia chini ya nyasi

Machi 2024 ulisainiwa mkataba wa kujenga uwanja wa Arusha wa watazamaji 30,000, kwa takriban shilingi bilioni 286, kwa ajili ya fainali za AFCON 2027. Mpenzi wa soka wa Songambele, wilayani Kyerwa, akiona picha za uwanja huo hutazama paa kwanza. Mhandisi hutazama chini.

Chini kuna nini?

Maji. Nyasi za uwanja wa kisasa huoteshwa juu ya mchanga. Chini ya mchanga kuna kokoto, na ndani ya kokoto mabomba yenye matundu yanayopeleka maji kwenye mitaro. Mvua ikikatika, mpira unadunda. Kaitaba, nyumbani kwa Kagera Sugar pale Bukoba, kuna nyasi bandia. Hazihitaji kukatwa, lakini jua la mchana huzichemsha hadi mchezaji akalisikia kwenye nyayo, na chini yake mitaro inahitajika vilevile.

Magoli yaelekee wapi?

Kaskazini na kusini. Karibu na Ikweta jua huzama magharibi mwaka mzima, na mechi zetu huchezwa jioni. Kipa anayetazama machweo hufungwa mabao yasiyo yake.

Jukwaa lina ugumu gani?

Watu hawakai kama magunia ya kahawa ghalani. Bao likiingia wanaruka kwa pamoja, kwa mdundo mmoja, kwa hiyo zege na nondo hukokotolewa kwa uzito na kwa mtikisiko. Paa nalo lina kesi yake: upepo hulisukuma kutoka chini kulinyanyua (aliyewahi kung'olewa bati anajua), hivyo hufungwa lisiruke kama linavyoshikiliwa lisianguke.

Na usalama?

Hapa ndipo mchoro mzuri hutofautiana na mbovu. Mei 2001, mjini Accra, polisi walirusha mabomu ya machozi majukwaani. Watu walikimbilia mageti, wakayakuta yamefungwa. Zaidi ya 120 walikufa. Mwongozo unaotumika Uingereza unataka watazamaji waweze kutoka jukwaani ndani ya dakika 8. Upana wa ngazi na idadi ya mageti hutokana na hesabu hiyo, iwe ni uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti kama 60,000 au wa watu elfu tano.

Songambele ianzie wapi bila mabilioni?

Kwenye mtaro wa kukinga maji upande wa mlimani, kama ule unaochimbwa juu ya shamba la migomba. Kisha kiwanja kipewe mgongo: kutoka mstari wa pembeni hadi katikati ni mita 34, na mwinuko wa asilimia moja ni sentimita 34. Kamba, mambo na mpira wa maji wa fundi ujenzi vinatosha kuupima, kabla mvua za masika hazijaanza.