MBIGILI: UA DOGO LA NJANO, MIBA MIREFU



Somo letu linahusu mmea ambao kila mtu wa Isiolo ameshaukanyaga, yaani mbigili. Wataalamu huuita Tribulus terrestris. Wengi wetu tunaijua miba tu. Tukiujua mmea wenyewe, tutajua wakati wa kuung'oa, na wakati huo ni mfupi.

Jinsi ya kuutambua

Mbigili hutambaa chini, matawi yakienea pande zote kutoka kwenye mzizi mmoja mrefu unaoshuka kutafuta maji. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, moja kubwa kuliko mwenzake, na kila jani lina vijani vidogo vya jozi 4 hadi 8 hivi. Ua ni la njano, lina petali 5. Hufunguka asubuhi na kuanguka siku hiyo hiyo. Baadaye huja tunda gumu la vipande 5, kila kipande na miba yake mikali. Likikauka, vipande huachana, basi hapo ndipo balaa huanza: miguu ya watoto, kwato za punda, matairi ya baiskeli. Tena miba hiyo hubeba mbegu ndani yake, kwa hiyo anayechomwa ndiye anayezisafirisha!

Unapoishi

Hupenda mchanga uliokanyagwa na kubaki wazi: kando ya boma, njia za mifugo, karibu na kisima, uwanja wa shule. Mvua ya Machi au Oktoba ikinyesha huota, na kwa wiki chache tu umeshachanua. Kiangazi kikija mmea hufa, lakini mbegu hukaa ardhini miaka kadhaa. Kivuli hauwezi, na nyasi nyingi huushinda. Kwa hiyo mbigili ikijaa mahali, ujue ardhi hapo imechoka.

Tahadhari kwa wenye kondoo

Mbuzi na ngamia huula ukiwa mbichi. Lakini huko Afrika Kusini kondoo waliokula mbigili iliyonyauka wamepata ugonjwa: kichwa na masikio huvimba, macho huwa ya manjano, ngozi huungua na jua. Ukiona hivyo, mtoe kondoo malishoni, mweke kivulini, na umwite daktari wa mifugo upesi.

Tufanye nini?

1. Tung'oe mara tu maua yanapoonekana, kabla tunda halijawa gumu. Jembe likate mzizi chini ya shingo.
2. Miba ikishakomaa, tufagie na kuichoma shimoni. Tusiitupe njiani.
3. Palipong'olewa tupande nyasi na kupazungushia uzio zipate kushika.

Huko California, Marekani, mwaka 1961 walileta fukusi kutoka Italia ili wale mbegu zake. Sisi tuna mikono, na tuko wengi.

Maswali ya kujadili kikundini

- Mbigili imejaa wapi kijijini kwetu, na kwa nini hapo?
- Nani ataita watu mvua ikianza?
- Ni sehemu gani tunaweza kuipumzisha mifugo isipite msimu mmoja?