Sumu na Kinga Yake: Swila, Nguchiro na Mbu

Watu wengi husema ya kuwa mnyama huzoea sumu, kama mtu azoeavyo tumbaku. Yafaa tulichunguze neno hili, maana katika nchi ya Shinyanga na Geita lahusu uzima wa watoto wetu.

Tuanze na nyoka. Asili ya sumu ya swila ni protini za kawaida za mwili, zilizobadilika kidogo kidogo katika vizazi vingi mno. Nyoka aliyezaliwa na mate makali kuliko wenzake alipata mawindo upesi, akaishi, akazaa watoto wenye mate kama yake. Sumu ya swila wengi huziba mahali ambapo mshipa wa fahamu huupa msuli amri, mfano wa ufunguo wa uongo uliokwama katika kufuli. Msuli hulegea, na pumzi hukatika.

Lakini nguchiro humshambulia swila na kumla. Kufuli yake ina umbo jingine kidogo, hata ufunguo ule hauingii vema. Nyegere naye ana kinga ya namna hii, ijapokuwa badiliko lake si lile la nguchiro. Hata hivyo kinga yao ina mpaka, na sumu ikizidi yaweza kuwaua.

Basi, je, nguchiro alizoea sumu? Sivyo. Hapo kale wachache walizaliwa na kufuli tofauti. Wenzao walipoumwa walikufa, nao wakabaki kuzaa. Mfugaji wa Kisukuma atafahamu upesi. Ukame ukiua ng'ombe dhaifu, ndama wa mwaka ujao ni wa wale waliostahimili. Hakuna ng'ombe aliyejigeuza; kundi ndilo lililogeuka.

Sheria hii yamhusu mbu pia, ila kwake mambo huenda mbio, kwa kuwa huzaa kizazi kipya kwa majuma machache. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua jinsi DDT iuavyo wadudu. Haikupita miaka kumi, nzi wasiokufa kwa dawa hiyo wakaonekana huko Ulaya. Baadaye vyandarua vilitiwa dawa za jamii ya pareto. Navyo viliokoa watu wengi, lakini katika Kanda ya Ziwa wametokea mbu ambao miili yao huivunja dawa hiyo kabla haijawaua.

Kwa hiyo wataalamu walifanya jaribio katika wilaya ya Misungwi, jirani zetu, tangu mwaka 2019. Vijiji viligawanywa katika mafungu 84, kila fungu likapewa chandarua cha aina moja. Baada ya miezi 24, palipokuwa na vyandarua vya zamani, watoto kadiri ya 46 katika 100 walionekana na malaria. Palipokuwa na vyandarua vyenye dawa ya pili, klofenapiri, walikuwa kadiri ya 26. Dawa hiyo ina hila ya ajabu: silaha ile ile ambayo mbu huvunjia dawa ya kwanza ndiyo huigeuza klofenapiri kuwa sumu kali ndani ya mwili wake.

Hata hivyo tusijisahau, maana mbu watakaostahimili dawa hii nao wakibaki, watazaa. Machifu, walimu na wazee na wahimize watu walale ndani ya chandarua kila usiku, kizima kisicho na matundu, na kufukia mashimo ya machimbo yaliyoachwa yakajaa maji, maana fukio halina mbu awezaye kulistahimili.

Tena mtu si nguchiro. Aumwaye na nyoka asichanjwe wala kunyonywa jeraha; kiungo kitulizwe, naye apelekwe hospitali upesi.