Katiba ya Marekani na Haki za Raia

Zamani makoloni 13 ya pwani ya mashariki ya Marekani yalikuwa chini ya mfalme wa Uingereza. Watu wake walitozwa kodi kwa amri ya bunge la London, wala hawakuwa na mjumbe hata mmoja wa kuwasemea katika bunge lile. Wakanung'unika, kisha wakashika silaha. Na mwezi wa Julai 1776 wakatangaza ya kuwa wamejitoa katika enzi ya mfalme.

Vita vikaisha mwaka 1783, lakini umoja wao ulikuwa dhaifu. Baraza lao halikuwa na nguvu ya kutoza kodi, hata likashindwa kulipa madeni yake. Basi mwaka 1787 wajumbe 55 wakakutana katika mji wa Philadelphia. Wakafanya shauri tangu Mei hata Septemba, na walinzi wakawekwa mlangoni ili maneno yao yasitoke nje. Mwisho wakaandika Katiba, yaani sheria iliyo juu ya sheria zote, na juu ya watawala pia.

Wajumbe wale waliogopa kumpa mtu mmoja enzi yote. Kwa hiyo wakaigawa kazi ya serikali mafungu matatu: Bunge litunge sheria, Rais azitekeleze, na mahakama ziamue mashauri. Tena kila fungu lilipewa njia ya kuyazuia mengine yasipite mpaka wake. Rais akikataa sheria, Bunge laweza kuipitisha kwa theluthi mbili za kura. Naye Rais akikosa sana, Bunge laweza kumshitaki na kumwondoa.

Lakini Katiba ile ilikuwa na upungufu. Kwanza, haikutaja haki nyingi za raia. George Mason, mjumbe wa Virginia, alikataa kutia sahihi, na hiyo ilikuwa sababu yake moja. Hata mwaka 1791 vifungu 10 vikaongezwa: serikali isimzuie mtu kusema wala kuabudu, nyumba yake isipekuliwe bila sababu ya haki, wala asifungwe ila kwa njia ya sheria.

Upungufu wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, maana utumwa uliachwa. Katika kuhesabu watu ili kila jimbo lipate wabunge wake, watumwa 5 walihesabiwa kama watu 3, nao wenyewe hawakuwa na kura. Mason mwenyewe, mtetezi wa haki, alimiliki watumwa. Ugomvi juu ya jambo hili ulileta vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1861 hata 1865. Ndipo Katiba ikaongezwa tena: mwaka 1865 utumwa ulikatazwa, mwaka 1868 waliokuwa watumwa walifanywa raia, mwaka 1870 ilikatazwa kumnyima mtu kura kwa ajili ya rangi yake, na mwaka 1920 kwa kuwa ni mwanamke.

Hata hivyo, maneno yaliyoandikwa hayakutosha. Katika majimbo ya kusini watu weusi walizuiwa kupiga kura kwa kodi, kwa mitihani ya hila, na kwa mapigo. Wakaenda mahakamani, wakaandamana, wengi wakafungwa, wengine wakauawa. Miaka 95 ilipita tangu 1870 mpaka Bunge likatunga sheria ya 1965 ya kuilinda kura yao. Haki iliyoandikwa yataka watu wa kuidai na watawala wa kuitii.

Maswali

1. Kwa nini kazi ya serikali iligawanywa mafungu matatu?
2. Katiba ya 1787 ilikuwa na upungufu gani?
3. Kwa nini kifungu cha 1870 hakikutosha?