Kusine za motere ya zamani

Ndugu, umenunua motere iliyokwisha kutumika. Je, ubadilishe kusine kubwa zinazoshika vilebreke, mbele ya kuifunga ndani ya motokari?

Fungua karteri motere ikiwa bado juu ya meza. Ondoa kifuniko kimoja kimoja, tia alama, ukirudishe mahali pake. Kusine ya kijivu, laini, ingali nzuri. Ukiona mikwaruzo au rangi ya shaba, badilisha zote. (Shaba tunaitafuta katika mgodi, si hapa!) Kama vilebreke yenyewe imekwaruzwa, kusine mpya peke yake hazitasaidia.

Katika dispanseri nimefunga mikono ya waliongoja, halafu wakafanya kazi hiyo chini ya motokari iliyoshikwa na kriki tu. Tia miguu ya chuma. Mafuta meusi yanaharibu ngozi: nawa kwa sabuni, si kwa esanse.